Somo la 7: Msanifu Asiyetajwa Jina

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 19:1–11; Rum. 1:18–23, Mwa. 3:17–19, Mt. 13:24–30, Ayu. 38:1–11, Ayu. 13:7–10, Mdo 17:22–31, Kut. 20:8–11, 1 Pet. 3:15.

Fungu la Kukariri: Waebrania 11:3. Likariri kutoka katika Biblia yako. Angalia hasa maneno ya kwanza ya fungu hili, maana hapo mwandishi anaonesha ni kwa njia gani tunafahamu kwamba ulimwengu uliumbwa.

Kila mwaka vijana wetu huondoka nyumbani kwenda vyuoni, Biblia ikiwa ndani ya begi. Huko hukutana na mhadhiri mwenye bidii, anayeijua kazi yake, naye huwafundisha kwamba viumbe vyote vimetokana na chanzo kimoja kwa mamilioni ya miaka. Wakirudi likizo, huuliza maswali. Mara nyingi jibu wanalopata kanisani ni mzaha: “Kwa hiyo babu yako alikuwa nyani?” Watu hucheka, swali hubaki palepale, na kijana hujifunza kwamba kanisani si mahali pa kuuliza.

Wapo waliotafuta jibu lililo bora kuliko mzaha. Katika miaka ya 1990, huko Marekani, baadhi ya wasomi walianza kutetea fundisho linaloitwa usanifu wenye akili. Wanasema kwamba ukivichunguza viumbe hai utaona dalili za kazi ya msanifu mwenye akili, kama vile mtu anavyoiona kazi ya fundi katika nyumba iliyojengwa vizuri. Waadventista wengi wamelipokea fundisho hilo kwa furaha, na ipo sababu ya kufurahi. Hata hivyo, yako mambo ya kupima kabla hatujaliegemeza kanisa letu, au mtoto wetu, juu yake.

Juma hili tutajiuliza maswali matatu. Hoja ya usanifu inaweza kutufikisha wapi? Sayansi inaishia wapi? Na sisi tunaomwamini Muumbaji, tumtetee kwa njia gani?

JUMAPILI
Mbingu Zinahubiri

Soma Zaburi 19:1–6 na Warumi 1:18–20. Ni mambo gani kumhusu Mungu ambayo mafungu haya yanasema yanaweza kujulikana kwa kuviangalia vitu alivyoviumba?

Mwaka 1802 kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza, William Paley, alitoa kitabu kilichosomwa sana. Humo alitumia mfano wa saa. Mtu akijikwaa kwenye jiwe porini, haulizi ni nani aliyelitengeneza. Lakini akiokota saa, akaona magurudumu yake yanavyosukumana ili mshale usogee sawasawa, atajua kwamba yupo fundi aliyeitengeneza. Paley akasema kwamba jicho la mwanadamu ni la ajabu kuliko saa yoyote. Charles Darwin alikisoma kitabu hicho akiwa kijana chuoni Cambridge, akakipenda. Baadaye, mwaka 1859, alitoa kitabu chake mwenyewe, akidai kwamba uteuzi wa asili unatosha kueleza kile ambacho Paley alikiona kuwa kazi ya fundi.

Mwaka 1996 Michael Behe, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Lehigh huko Pennsylvania, aliirudisha hoja hiyo kwa sura mpya. Alichukua mfano wa mtego wa panya. Una ubao, springi, nyundo na vishikizo vyake. Ukiondoa kimoja tu, hunasi hata panya mmoja. Behe akasema kwamba ndani ya seli kuna mashine za namna hiyo. Mojawapo ni mkia wa bakteria, unaozunguka na kumsukuma kiumbe huyo kama panga la boti linavyosukuma boti. Akauliza: kitu kisichofanya kazi mpaka sehemu zake zote ziwepo kingewezaje kujengeka kidogo kidogo? Wapinzani wake walijibu kwamba huenda sehemu hizo zilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuunganishwa, na mabishano hayo yanaendelea hadi leo.

Paulo anakubali kwamba uumbaji unashuhudia. Anasema uweza wa Mungu wa milele na Uungu wake vinaonekana katika kazi zake, kiasi kwamba mtu hana udhuru. Lakini angalia mtunga zaburi anamwona Mungu wapi. Anamwona katika jua linalochomoza kila asubuhi, jambo ambalo kila mtu amelizoea. Hamtafuti mahali ambapo maarifa ya watu yameishia tu. Leo tunajua mvua inavyofanyika tangu mvuke unapopanda baharini, na bado Zaburi 147:8 inasema ni Mungu anayeitengeneza. Kwa hiyo ni hatari kumfundisha kijana kwamba Mungu yupo kwa sababu wataalamu wameshindwa kueleza jambo fulani. Siku watakapolieleza, atadhani Mungu ameondolewa.

Angalia pia Zaburi ya 19 inavyogeuka katika fungu la 7. Daudi anatoka kwenye mbingu na kuingia kwenye sheria ya Bwana, kwa maana sheria hiyo ndiyo inayoburudisha nafsi. Jua lina sauti yake, lakini halijawahi kumwambia mwenye dhambi kwamba amesamehewa.

Ni kitu gani katika uumbaji kinachokuvuta zaidi kumtukuza Mungu? Je, imani yako ingetikisika kama kesho mtaalamu angeeleza jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi?

JUMATATU
Uumbaji Unaougua

Soma Mwanzo 3:17–19, Warumi 8:19–22 na Mathayo 13:24–30. Mafungu haya yanaongeza nini ambacho mtu hawezi kukijua kwa kuangalia maumbile peke yake?

Kuna familia chache katika nchi zetu ambazo hazijaguswa na malaria. Kimelea chake ni kiumbe cha seli moja, lakini maisha yake ni ya ajabu. Kinaingia mwilini kwa mate ya mbu, kinakimbilia kwenye ini, kinazaana humo, kisha kinatoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Kinajua kujificha, na kinajua kumrudia mbu ili kimfikie mtu mwingine. Kama ugumu wa muundo ni alama ya msanifu, basi kimelea hiki kina alama hiyo.

Behe aliliona jambo hili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2007 hakulikwepa: aliandika kwamba malaria ilisanifiwa kwa makusudi. Hapo hoja ya usanifu, ikiachwa peke yake, inamfikisha mtu mahali pa kutisha. Mama aliyemzika mtoto wa miaka miwili atafarijiwaje na habari za msanifu hodari aliyeitengeneza silaha iliyomuua mtoto wake?

Darwin naye alitatizika hapo hapo. Mwaka 1851 alifiwa na binti yake Annie, mwenye umri wa miaka 10. Mwaka 1860, katika barua kwa rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea Mmarekani aliyekuwa Mkristo, alieleza kwamba hakuweza kuamini kuwa Mungu mwema aliwaumba makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi wakiwa hai, kutoka ndani. Hakuwa mtu wa kwanza kuuliza hivyo, wala hatakuwa wa mwisho. Kosa letu mara nyingi ni kumjibu mtu kama huyo kwa kumwonesha ua zuri.

Biblia inalo jibu ambalo hadubini haiwezi kutoa. Inasema kwamba dunia tunayoiona leo si ile ambayo Mungu aliitazama na kuiona kuwa njema sana. Ardhi imelaaniwa kwa sababu ya dhambi, na viumbe vyote vinaugua pamoja. Katika mfano wa magugu, watumwa wanamwuliza mwenye shamba swali lile lile la Darwin: si ulipanda mbegu njema, magugu yametoka wapi? Mwenye shamba hasemi kwamba magugu ni sehemu ya mpango wake. Anasema ni kazi ya adui.

Hatujaambiwa jinsi kila kimelea kilivyopata kuwa kama kilivyo. Tumeambiwa upande gani Mungu amesimama. Yesu alipokutana na mwenye homa, aliikemea homa. Injili ya Luka 4:39 inalionesha hilo waziwazi. Kuna ushuhuda mkubwa juu ya tabia ya Muumbaji katika tendo hilo moja kuliko katika mikia yote ya bakteria.

Ungemjibu nini mzazi anayekuuliza, “Kama Mungu ndiye aliyeumba kila kitu, je, ndiye aliyeumba ugonjwa uliomchukua mwanangu?” Fundisho la anguko linakusaidiaje?

JUMANNE
Mizani na Mipaka Yake

Soma Ayubu 38:1–11. Kwa nini Mungu anamwuliza Ayubu alikuwa wapi wakati misingi ya nchi ilipowekwa?

Nenda sokoni ununue nyanya. Mizani itakuambia ni kilo mbili, na kama ni mizani ya kweli, hakuna sababu ya kubishana nayo. Lakini mizani haiwezi kukuambia kama nyanya hizo zimeibwa shambani kwa mtu. Haina kasoro kwa kutojua hilo; haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtu akisema, “Mizani haijaonesha wizi, kwa hiyo hakuna wizi,” mwenye kosa si mizani.

Sayansi ni mizani nzuri, na Mwadventista anayeidharau anajidanganya, kwa maana hutibiwa katika hospitali zilizojengwa juu yake. Inapima, inajaribu, inarudia jaribio, na inakubali kusahihishwa. Kwa utaratibu wake hutafuta sababu zinazoweza kupimwa. Huo ni mpaka wa chombo. Mtaalamu anaposema, “Katika maabara sikumwona Mungu,” amesema kweli kuhusu maabara. Anapoongeza, “Kwa hiyo Mungu hayupo,” ameiacha mizani na kuanza kuhubiri.

Lakini sisi nasi tuna wajibu wa kuikubali mizani pale inapopima sawasawa. Viumbe hubadilika, hilo limeonekana. Vimelea vya malaria vilizoea klorokwini hadi dawa hiyo ikakosa nguvu. Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001. Vimelea vilivyoweza kuihimili vilisalia, vikazaana, vikaenea. Huo ni uteuzi wa asili, na kuukana ni kumkana muuguzi aliyebadilisha dawa mbele ya macho yetu.

Swali gumu liko mbele zaidi: je, mabadiliko ya namna hiyo, yakipewa muda mrefu, yanatosha kutoa samaki, ndege na mwanadamu katika chanzo kimoja? Wanasayansi walio wengi wanajibu ndiyo, nao wana sababu zao: visukuku vilivyomo katika miamba, kufanana kwa vinasaba, na vipimo vya umri wa miamba. Tusimwambie kijana kwamba hawana chochote, maana atakwenda kusoma na kukuta wanacho. Tumwambie ukweli: hizo ni hoja kuhusu mambo ya kale yaliyopita, ambayo hakuna aliyeyaona wala anayeweza kuyarudia, nasi tunalo Neno la Yeye aliyekuwapo. Yako maswali kuhusu miamba na umri wake ambayo watafiti Waadventista bado wanayafanyia kazi. Konferensi Kuu ilianzisha taasisi ya utafiti wa sayansi za dunia mwaka 1958 kwa sababu hiyo, na kama maswali yangekuwa yamekwisha, isingehitajika.

Mungu alipomjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hakumpa maelezo ya jinsi nchi ilivyofanyika. Alimwuliza maswali. Ayubu alitoka pale akiwa na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo, na akiwa na amani.

Ni rahisi kwako kusema “sijui” unapoulizwa swali la imani? Kusema hivyo kunaweza kuimarishaje imani ya anayeuliza?

JUMATANO
Mungu Hatetewi kwa Uongo

Soma Ayubu 13:7–10. Ayubu anawashtaki rafiki zake kwa kosa gani, na anasema Mungu atawafanyia nini?

Rafiki za Ayubu walikuwa upande wa Mungu, au ndivyo walivyodhani. Ili kumtetea walimzulia Ayubu dhambi asizozitenda. Ayubu anawauliza kama kweli wanataka kusema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, na anawaonya kwamba Mungu mwenyewe atawakemea. Mwisho wa kitabu neno hilo linatimia. Hasira ya Bwana inawaka juu ya wale waliokuwa mawakili wake.

Mwezi Oktoba 2004, halmashauri ya shule za Dover, mji mdogo wa Pennsylvania, iliamua kwamba wanafunzi wa biolojia wasomewe tamko. Tamko hilo lilisema kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba lipo fundisho jingine, usanifu wenye akili. Wakaelekezwa kwenye kitabu kilichokuwa maktabani, ambacho nakala zake zipatazo 60 zilikuwa zimetolewa kama zawadi. Walimu wa sayansi walikataa kulisoma tamko hilo. Wazazi 11 wakaenda mahakamani.

Kesi ilisikilizwa katika mji wa Harrisburg kuanzia Septemba 2005, na Behe alikuwa mmoja wa mashahidi. Ilionekana kwamba rasimu za zamani za kitabu kile zilizungumza juu ya uumbaji. Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza fundisho la uumbaji kulazimishwa katika shule za serikali, neno hilo liliondolewa na kuwekwa usanifu, sentensi zikabaki karibu zilezile. Kisha likaja swali la fedha. Nani alinunua vitabu? Fedha zilikuwa zimechangwa kanisani, na mjumbe mmoja wa halmashauri ndiye aliyeziomba. Lakini wajumbe walipoulizwa jambo hilo chini ya kiapo kabla ya kesi kuanza, walificha.

Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139. Alisema kwamba usanifu wenye akili si sayansi na hauwezi kufundishwa kama sayansi katika shule ya serikali. Hakusema kwamba si kweli. Alieleza wazi kwamba mahakama haichukui msimamo juu ya hilo. Jaji naye aliujua mpaka wa mizani yake. Lakini aliandika pia, kwa mshangao, kwamba watu waliojivunia imani yao hadharani walisema uongo tena na tena ili kuficha kusudi lao.

Ndugu, hapo ndipo panapouma. Amri ya nne inamtaja Muumbaji, na ya tisa inakataza ushuhuda wa uongo. Zote ziliandikwa kwa kidole kimoja.

Kanisa letu lina historia yake pia. George McCready Price, mwalimu Mwadventista, alitoa mwaka 1923 kitabu kikubwa cha jiolojia ambamo alikana kwamba tabaka za miamba zina mfuatano wa kudumu. Katika kesi maarufu ya Dayton, Tennessee, mwaka 1925, ambamo mwalimu alishtakiwa kwa kufundisha mageuko, William Jennings Bryan alimtaja Price kuwa mwanasayansi anayemwamini. Miaka 13 baadaye, mwanafunzi wa Price, Harold Clark, aliyekuwa akifundisha katika chuo chetu cha Pacific Union huko California, alitembelea maeneo ya visima vya mafuta ya Oklahoma na Texas. Aliona kwamba tabaka zinafuatana kwa mpangilio, kinyume na alivyofundishwa. Akamwandikia mwalimu wake na kumwambia. Price alikasirika, na urafiki wao uliumia.

Clark angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, wala hakuacha kuamini Mwanzo 1 na gharika ya Nuhu; alitafuta namna nyingine ya kuieleza miamba hiyo. Hoja ya mwalimu wake ilianguka. Neno la Mungu halikuanguka nayo, kwa sababu halikuwa limesimama juu yake.

Je, umewahi kupeleka kwa wengine habari, picha au ujumbe unaotetea imani bila kuhakikisha kama ni kweli? Ayubu 13:9 inakuambia nini kuhusu jambo hilo?

ALHAMISI
Madhabahu ya Athene

Soma Matendo 17:22–31. Paulo anaanzia wapi na Waathene, na anaishia wapi?

Waathene walikuwa na madhabahu kwa ajili ya mungu wasiyemjua. Walikuwa wamefika mahali pa kukiri kwamba yupo, lakini jina lake hawakulijua. Paulo hakuidharau madhabahu hiyo. Alianzia hapo, akawaeleza juu ya Mungu aliyeumba ulimwengu na vyote vilivyomo, na hata akatumia maneno ya washairi wao. Lakini hakukubali kuwaacha walipokuwa. Aliendelea mpaka kwenye toba, hukumu na kufufuka. Hapo wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, na baadhi wakaamini, akiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari.

Watetezi wa usanifu wenye akili wamejenga madhabahu ya namna hiyo. Ili fundisho lao likubalike darasani, walimwacha msanifu bila jina. Anaweza kuwa Mungu wa Ibrahimu. Anaweza kuwa mwingine. Wala hawakubaliani kati yao juu ya mengine. Behe, ambaye ni Mkatoliki, anakubali kwamba dunia ina umri wa mabilioni ya miaka na kwamba viumbe vina asili moja. Wako Waadventista wanaodhani usanifu wenye akili na uumbaji wa siku sita ni kitu kimoja. Havifanani. Mtu anaweza kuukubali msanifu huyo na asiwe na Sabato, wala anguko, wala Mwokozi.

Soma Kutoka 20:8–11. Kwa nini amri ya Sabato ndiyo inayotaja jinsi Mungu alivyoumba?

Mungu hakutuachia sisi kumkisia. Alijitambulisha kwa jina, akaeleza alichofanya kwa siku sita, na akaweka siku ya saba iwe ukumbusho. Mwaka 2015, katika kikao cha Konferensi Kuu kilichofanyika San Antonio, kanisa liliifafanua zaidi imani yake ya msingi namba 6: siku zile sita pamoja na Sabato zilikuwa juma kama hili tunaloliishi sasa. Hatukufikia imani hiyo kwa kupima miamba. Tumeipokea kwa Neno, kama Waebrania 11:3 inavyosema.

Na Neno hilo alifanyika mwili. Yohana 1:3 inasema vyote vilifanyika kwa huyo. Kwa hiyo tukitaka kumjua Msanifu ni nani na ana moyo gani, tunamwangalia yule aliyewagusa wenye ukoma, akalia kaburini, akapumzika kaburini siku ya Sabato baada ya kuimaliza kazi ya ukombozi, kama alivyopumzika baada ya kuimaliza kazi ya uumbaji. Msanifu asiye na jina hawezi kukufia. Muumbaji wetu amekwisha kufa kwa ajili yetu, naye yu hai.

Soma 1 Petro 3:15. Petro anataka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, tena anataja namna ya kujibu: kwa upole na kwa hofu. Mhadhiri wa biolojia anaweza kuwa amekaa na Wakristo wengi waliomdhihaki, na asiwahi kukaa na mmoja aliyemsikiliza. Ujumbe wa malaika wa kwanza, katika Ufunuo 14:7, unayaita mataifa yote kumsujudu yeye aliyeziumba mbingu na nchi. Ujumbe huo ni wa kwake pia.

Ni nani katika familia au kanisa lako anayeuliza maswali juu ya uumbaji? Juma hili utafanya nini ili ajue kwamba swali lake limepokewa?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Mwanzo 1 na 2 kwa utulivu, kisha Ayubu 38 hadi 42. Katika kitabu chake kuhusu elimu kilichotolewa mwaka 1903, Ellen G. White aliweka sura nzima juu ya sayansi na Biblia. Wazo lake kuu ni kwamba maumbile na Maandiko vina mwandishi mmoja, kwa hiyo vikieleweka sawasawa haviwezi kugombana. Linalogombana ni uelewa wetu, wa upande huu au wa upande ule, nao unaweza kusahihishwa. Clark alipozitazama zile tabaka za miamba, kilichosahihishwa kilikuwa uelewa.

Tumeona juma hili kwamba uumbaji unashuhudia kweli, ila sauti yake haijakamilika, na baada ya anguko imechanganyika na kilio. Tumeona kwamba sayansi ina kazi yake na mpaka wake. Tumeona pia kwamba kuna njia ya kumtetea Mungu inayomwudhi Mungu. Hoja ya usanifu inaweza kumfikisha mtu mlangoni. Kumwingiza ndani na kumtambulisha kwa Mwenye nyumba ni kazi ya Neno, ya Roho Mtakatifu, na ya shahidi msema kweli.

Maswali ya Kujadili:

1. Darasani, jadilini tofauti kati ya kusema “Sayansi imeshindwa kueleza jambo hili, kwa hiyo Mungu yupo” na kusema “Mungu yupo, naye ndiye anayelitegemeza hata lile ambalo sayansi imelieleza.” Ni kauli ipi inayokaribiana zaidi na Zaburi 19 na Wakolosai 1:17?

2. Mtu akisema, “Wale wa Dover walikuwa na nia njema,” utamjibu nini? Je, nia njema inaweza kuusafisha ushuhuda wa uongo? Linganisha na habari za Uza katika 2 Samweli 6:6, 7.

3. Kanisa lenu limeandaa nini kwa ajili ya vijana wanaosoma sayansi? Nani miongoni mwenu, daktari, muuguzi, mwalimu au mkulima, anaweza kukaa nao na kuzungumza kwa uwazi, akiwaeleza anachokijua na asichokijua?

4. Mwanafunzi wa biolojia ameulizwa katika mtihani aeleze nadharia ya mageuko. Je, akiieleza sawasawa amekana imani yake? Tafakarini mfano wa Danieli na wenzake, waliojifunza elimu ya Wakaldayo (Dan. 1:4, 17) na bado wakamsujudu Mungu wa mbinguni peke yake.

5. Kwa nini ni muhimu kwamba Muumbaji na Mwokozi ni mmoja? Tungepoteza nini katika tumaini la ufufuo kama asingekuwa ndiye aliyetuumba mwanzo?